Kumi na Watano Kwenye Tone Moja

Umepita mbele ya ule ubao. Usinikatalie, nimekuona. Ubao wa matangazo wa ofisi ya maji, kushoto mwa mlango, pale mnapopanga foleni ya kulalamikia mabomba. Karatasi iko hapo tangu Jumatano, ina muhuri wa buluu, na wewe umeiegemea kwa bega ukisubiri zamu yako. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya kwako yana pazia, na kitasa juu.

Basi nitakusomea mimi, mwosha vioo.

Miaka kumi na tisa naosha vioo vya maabara ya ofisi hiyo. Shule niliiacha darasa la sita. Yaliyobaki nimeyasoma kwenye ripoti zinazotupwa kapuni, na kichwa changu hakisahau. Nakumbuka mwaka mfereji wa kiwanda cha ngozi ulipoelekezwa kwenye bwawa linalolisha mabomba ya mji. Nakumbuka mgeni rasmi akikata utepe na kusema maji ni uhai. Nakumbuka hata aliyemshikia mkasi: ndiye leo Mkuu wa maabara.

Humo ndani alikuwamo dada yangu, hadi Jumatano. Wanamwita Bi Pumzi, na kazi yake ni kuokota vidudu. Usicheke. Vidudu wa majini wasioonekana kwa jicho tupu, mmoja mmoja. Huchukua kijibomba cha kioo, akakilainisha motoni, akakivuta hadi ncha iwe nyembamba kama unywele. Nyuma yake huchomeka mrija mwembamba wa mpira anaoubana kwa meno. Jicho kwenye hadubini, mkono kwenye slaidi, pumzi kidogo tu, na kidudu kaingia. Ukivuta kama mnywa soda, umeshameza bwawa.

Kipimo chenyewe hata mtoto anakielewa. Dirishani kuna mtungi wa maji safi na nyasi kavu, ndimo wanamofugwa. Dada huokota kumi na watano, akamwosha kila mmoja kwa kumpitisha kwenye matone matatu ya maji safi, kisha akawatia wote kwenye tone la maji ya bwawa. Wakiishi saa nzima, maji yanafaa na mnafunguliwa bomba. Wakifa, halifunguliwi. Na tangu enzi za mkuu wa kwanza kuna kanuni moja isiyopindwa: aliyeokota ndiye anayetia sahihi.

Jumatano walikuja wakaguzi watatu, maana bomba jipya la mtaa wetu limepangiwa kufunguliwa Jumatatu. Mkuu akamvuta dada pembeni, karibu na sinki langu. Mbele ya mwosha vioo watu husema lolote. Wanadhani ni sehemu ya sinki.

"Bi Pumzi, leo waache humohumo kwenye maji ya mtungi. Kwenye lebo andika bwawa."

"Mkuu, hapo nitakuwa nimepima mtungi."

"Wageni watajuaje?"

"Bomba hilo linaingia kwangu, Mkuu. Mama yetu atakunywa humo."

"Basi mama atakuwa wa kwanza kufaidi! Mfikishie salamu."

Dada akaitikia kwa kichwa, akakaa, na mkono wake ukafanya ulichozoea: kumi na watano, matone matatu, kisha bwawa.

Mkaguzi wa kwanza akainamia hadubini. "Mbona wanazunguka hivi?"

"Furaha, mheshimiwa," akajibu Mkuu.

Wa pili akainama. "Huyu amevimba. Haa! Amepasuka!"

"Wanazaana," akasema Mkuu, bila hata kukohoa. "Mmoja anakuwa wengi. Ndiyo sayansi hiyo."

Wa tatu hakuangalia. Chai yake ilikuwa inapoa. Ndiye aliyeandika: *Wanazaana kwa wingi.* Dakika ya saba hakuwepo aliyeogelea, na wageni walikuwa wanapongezana.

Mkuu akasukuma fomu mbele ya dada. Dada akairudisha.

"Kama wanazaana, Mkuu, mtafute mkunga atie sahihi. Mimi ni mwokotaji."

Akapewa likizo papo hapo, likizo isiyo na tarehe ya kurudi. Akavua koti, akafunga kijibomba chake kwenye leso, akatoka. Mkuu akatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akaniona.

"Wewe! Unajua kuokota?"

"Kidogo, Mkuu. Nimemtazama dada."

"Umesoma?"

"Hapana, Mkuu."

"Safi kabisa. Okota mmoja tu, kanuni itimie, utie sahihi. Halafu ukabandike nje."

Nikaokota. Mara mbili nikamkosa. Ya tatu akaingia, mviringo, mwenye vinyweleo vinavyopiga maji kama makasia. Nikamwosha mara tatu. Nikamtia kwenye tone la bwawa na kumtazama kama walivyopaswa kutazama wao. Alirudi kinyumenyume, akazunguka, akavimba. Dakika ya nne akapasuka. Nikajaza fomu kwa mwandiko wangu wa darasa la sita. Mkuu akaipiga muhuri huku akiwasindikiza wageni mlangoni. Hakuisoma. Nani asome mwandiko wa mwosha vioo?

Karatasi hiyo inasema hivi: *Waliotiwa maji ya bwawa, kumi na sita. Walio hai baada ya dakika saba, hakuna. Asinywe mtu.* Chini pana sahihi yangu, na juu ya sahihi muhuri wao wenyewe. Kwa kanuni yao hicho ndicho kipimo halali. Kingine hakina sahihi. Lakini wataiona. Wakiiona wataichana, Jumatatu watafungua bomba, na dada atabaki na likizo yake.

La kuvunda halina ubani, lakini lina mashahidi wakitaka kuwa mashahidi. Leo ni Ijumaa, ofisi inafungwa saa tisa. Vaa viatu. Nenda kwenye ule ubao, soma kwa sauti foleni nzima isikie, ipige picha, mwite jirani naye apige. Kisha ugonge mlango wa Mkuu umwambie akusomee yeye, mbele ya watu, mstari kwa mstari. Inuka. Sasa hivi.