Nyasi za Kwenye Karai

Kitengela hii imejaa ploti na nyua za waya, ukitaka kuona nyasi za maana mpaka upande gari. Halafu mtoto anafundishwa mbuga ndani ya karai. Haya basi. Masomo ya siku hizi ni ya wazazi, tumezoea. Mimi, Soipan, ndiye nilibeba udongo na nyasi na mizizi yake kutoka kwa baba yangu huko Isinya, nikampelekea Ticha Beverlyne wa chekechea. Hata asante sikupewa.

Watoto wakapanda, wakamwagilia mpaka zikashika. Wakafinyanga wanyama: simba, swara, pundamilia. Nashipae wangu akafinyanga ng'ombe, akamweka katikati ya pundamilia, maana kwa babu yake ndivyo anavyowaona wakila pamoja. Ticha akasema ng'ombe si mnyama wa mbuga, amtoe. Akamtoa. Ticha kugeuka, akamrudisha. Ni mkaidi, amenifuata mimi, sikatai.

Ticha akachukua rula.

Sasa sikiliza. Kwetu Wamaasai, mtu akishika nyasi mkononi ameomba amani. Huyo hapigwi, hata akiwa amekosa namna gani. Mimi ndiye nilimfundisha Nashipae. Nilimwambia, "Ukiona fimbo, shika nyasi. Hakuna mtu atakugusa." Na shule yote ni saruji, hakuna nyasi ila zile za karai. Kwa hivyo mtoto aling'oa hizo, akamnyooshea ticha mikono miwili.

Ticha aliona tu karai lake likiharibiwa, na wazazi wanakuja kesho kuliona. Alimchapa mikononi mpaka nyasi zikaanguka. Halafu akamwambia, kwa vile anapenda ng'ombe sana, apige magoti azile. Nashipae akatafuna, na darasa zima likalia kama ng'ombe.

Haya yote alinisimulia Ticha mwenyewe, aliponiita shule, tena akicheka. Nikamweleza maana ya nyasi polepole. Akanipigapiga begani.

"Mama Nashipae, hizo ni mila za huko kwenu manyatta. Hapa ni shule."

Wallahi ningemrarua. Nilimshika mtoto wangu mkono tukaenda. Njiani hakulia hata kidogo, nikajiambia afadhali, mtoto husahau.

Jioni nikiwa napika ugali, nikasikia mdogo wake Seleyian, wa miaka mitatu, akilia huko nyuma ya nyumba. Nikatoka na mwiko mkononi. Walikuwa wanacheza shule. Nashipae ndiye ticha, ameshika kijiti. Seleyian alikuwa ameng'oa nyasi kando ya choo, amezinyoosha kwa mikono yote miwili, vile niliwafundisha.

Nashipae akamchapa mikononi mpaka zikaanguka.

"Piga magoti," akamwambia. "Kula."