Picha ya Apolline Saa ya Marehemu

Wenye Televisheni ya Bonde hupenda kusimulia kwamba kituo chao kilianza na kamera moja, mlingoti mmoja na imani. Husema hivyo kila wakikata keki. Hawasemi kwamba kilianza na maiti, na kweli ni hiyo. Mwaka 2003, kwenye vyumba viwili juu ya duka la mabati mjini Mbarara, Uganda, kilicholisha kituo kile hakikuwa habari wala mpira. Yalikuwa matangazo ya vifo. Watu walizoea kutangaziwa misiba redioni, naye Mzee Rwakabuba, mwenye kituo, akaona redio haina sura. Yeye akaleta sura. Kila jioni kabla ya habari, marehemu walipita kwenye kioo mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya duara lenye maua pembeni, kinanda cha kanisani kikilia chini yao. Kwa mwaka mmoja tu mji mzima ulikwisha kujua: ukipita mle ndani ya maua, umekwenda.

Habari zenyewe zilikuwa za Kinyankole, ila robo saa ya mwisho ilisomwa kwa Kiswahili. Robo saa hiyo waliwekewa wake wa askari wa kambi ya jeshi, waliotoka kaskazini na mashariki na wasioelewa lugha ya pale. Wakimbizi wa kambi ya Nakivale, nje ya mji, hawakuwekewa kitu. Waliisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani kupitia ukutani, na wakafurahi nayo hivyo hivyo.

Apolline aliifuata robo saa hiyo mpaka mlangoni pa kituo. Ilikuwa mwaka 2004, naye alikuwa na miaka minane bila mume. Hakuwa mjane. Neno hilo alilikataa mbele ya mchungaji, mbele ya karani wa kambi, na mbele ya wanaume wawili waliokuja na mbuzi kumposa. Siku vita vilipoingia Uvira, kwao Kongo, mwaka 1996, mume wake Gervais alirudi nyumbani kumchukua mama yake aliyekuwa hawezi kutembea, na risasi zikaikata barabara nyuma yake. Kila mmoja akasukumwa upande wake na umati wake. Apolline alipita nchi tatu kabla ya kupewa kipande cha ardhi Nakivale, na kila alipofika aliuliza, na kila alipoulizwa alijibu: niko na bwana, ninamtafuta.

Aliyempokea kituoni ni Mackline, mke wa sajini, ambaye ndiye aliyesoma habari za Kiswahili na ndiye aliyepokea matangazo.

"Mama, picha ya huyo bwana yako iko wapi?"

"Haiko. Iliungua na nyumba."

"Sasa mimi nitaonyesha watu nini? Hii ni tivii, nyabo. Redio iko kule chini, umepita mlango yake."

Apolline alifungua kitambaa. Picha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa yake mwenyewe, aliyopigwa Nakivale sikukuu ya kanisa, kichwani kitambaa cheupe. "Iko tu hii ya miye."

Mackline aliiinua kwenye mwanga. "Sura hii yeye anaijua ama haijui?"

"Anaijua sana."

"Basi imekwisha! Ataona wewe, atasikia jina yake, atakuja mbio kama ng'ombe ameona chumvi."

Wakacheka wote wawili. Apolline alikuwa hajacheka na mtu wa ofisi tangu avuke mpaka. Hakuuliza picha itawekwa wapi, na Mackline hakufikiri. Kituo kilikuwa na wakati mmoja tu wa matangazo, ule wa kabla ya habari, na fremu moja tu, ile ya maua, iliyotengenezwa na kijana wa Kampala aliyekwisha kuondoka, na hakuna aliyejua kutengeneza nyingine.

Jioni ya tangazo, wanawake wa kanisa walijaa kwenye banda la video pale Base Camp, katikati ya Nakivale. Sauti ilifunguliwa mpaka mwisho, ikayashinda makelele ya jenereta. Mackline alisoma vizuri: Apolline wa Nakivale anamtafuta mume wake Gervais, aliyempotea Uvira. Wanawake wakapiga vigelegele. Miriamu, jirani yake, alimpiga bega akasema, "Angalia, umekuwa mutu wa televizyo! Akikuja, akupate umesuka." Kesho yake Apolline alisuka.

Hakuja mtu. Hakuja mwaka ule wala uliofuata. Mwaka 2009 jina la Apolline lilitoka kwa safari ya Amerika, na watu wakamwonea wivu mpaka walipomsikia akimwambia afisa kwamba haendi. Afisa, kijana mwenye ofisi ya kiyoyozi, aliuliza kama ameelewa swali. Alielewa. Nakivale ndiko alikotangazwa. Akiondoka, Gervais akifika atamkuta nani? Afisa akaandika alichoandika, nafasi ikapewa familia nyingine, nao wakatuma picha wakiwa kwenye theluji.

Kisha ikafika 2013, Televisheni ya Bonde ikatimiza miaka kumi. Mzee Rwakabuba akataka kipindi cha historia, jina lake "Tulikotoka", kionyeshe jinsi kituo kilivyowasaidia wanyonge. Jonan, mwandishi wao wa habari, akatumwa Nakivale kutafuta wanyonge. Alielekezwa kwa Apolline, akamkuta shambani, akamsimamisha kati ya mahindi.

"Mama, sema kitu kizuri juu ya kituo."

"Nilibapelekea picha, bakaionyesha. Mungu abariki kazi yao," alisema Apolline. "Lakini bwana wangu sikumuona, mpaka leo."

Kipindi kilipotoka, Apolline alionekana akipangusa mikono kwenye kitenge na kusema Mungu abariki kazi yao. Hapo wakakata, wakaingiza Mzee Rwakabuba akiwapungia watu mkono.

Lakini alikuwa ameonekana, akitembea na kusema.

Gari la kituo lilirudi baada ya mavuno. Lilisimama mbali kidogo na nyumba, na Jonan akashuka peke yake, akifunga mlango nyuma yake kama mtu aliyebeba kuku asiyetakiwa kutoka. "Mama, simama hapo. Hapo hapo. Usiangalie kamera." Mpiga kamera alipoinua kidole, mlango ukafunguliwa, akashuka mwanamume mwenye kofia mkononi na nywele zilizoanza kupauka.

Apolline alimtambua kwa namna alivyoshika kofia. Miguu yake ilikwenda kabla hajaiambia. Alimshika shingoni, akanusa maziwa kwenye shati lake, na watoto wa majirani wakapiga kelele.

"Vizuri!" alisema Jonan. "Sasa tena. Jua lilikuwa linaingia kwa kamera. Mzee rudi kwa gari, mama rudi kwa mlango."

Wakarudia. Mara ya pili Apolline aliona kwamba Gervais hakumtazama machoni.

Jonan akamweleza Apolline kwamba mzee aliiona "Tulikotoka" akaja mwenyewe kituoni, kisha wenye kamera wakaenda kupiga picha za ziwa, na hao wawili wakaingia ndani. Alimpa kiti. Alimimina maji. Aliposogea kumshika mkono, Gervais aliuvuta taratibu.

"Apo, kaa. Niko na maneno."

Akakaa.

"Nilikuonaka mu televizyo."

"Jonan ameniambia. Ile ya mahindi."

"Hapana. Ile ya zamani, ya photo. Nilikuwa Bwizibwera, fasi banakusanya maziwa. Nilikuwa kwa mama moja wa chai. Pale banapunguzaka sauti saa ya batu bamekufa, juu inaharibia bengine hamu ya kula. Nikanyanyua macho, ukapita. Na maua. Niliita: sauti, mama, sauti! Mpaka anapata ile kitu ya kubonyeza, bako banaonyesha muzee mwengine."

"Sikukuwa nimekufa. Nilikuwa ninakutafuta!"

"Sasa mimi ningejua je? Mwenye anapita saa ile amekwisha kufa, kila mutu anajua. Na ulikuwa umezeeka kidogo, Apo." Aligusa pembeni ya jicho lake mwenyewe. "Hapa. Njo maana nilijua si photo ya zamani. Nikasema, kumbe alikuwa hai hii miaka yote. Kumbe amekufa juzi tu."

Apolline aliweka kikombe chini. Bwizibwera! Huko mtu anaondoka Nakivale asubuhi na mchana amekwisha kufika. Miaka ile yote Gervais alijificha kwenye kazi ya matanki ya maziwa bila kujiandikisha popote, kwa kuogopa kurudishwa, huku yeye akimtafuta kwenye majina ya kambi za nchi tatu.

"Na haukuenda kuuliza? Nimekufa na nini, nimezikwa wapi?"

"Nilienda. Kesho yake. Askari ya mlango akaniuliza kitambulisho, sina. Nikamwambia ni bibi yangu alipita jana. Akasema pole mzee, ya jana yamekwisha kufutwa." Aliikunja kofia, akaikunjua. "Nikanyoa kichwa. Nikakukalia matanga."

"Watu walikuja?"

"Bachache. Wa-Kongo wa pale, na watu wa maziwa."

"Baliimba?"

"Baliimba."

"Wimbo gani?"

Gervais aliuvumisha kidogo, bila maneno.

"Ule? Ule siupendaki!"

"Njo ule tu walikuwa wanaujua," alisema Gervais, na cheko likawatoka wote wawili kwa pamoja, kama zamani. Ndilo lililomuumiza Apolline kuliko yote, kwa sababu lilimwonyesha alichokuwa nacho. Likaisha.

"Umeoa," alisema Apolline.

"Anaitwa Evas. Mu-Nyankole. Ni yeye alichemsha chai ya matanga yako. Iko batoto batatu." Akasita. "Musichana mukubwa, jina lake Apolline."

Nje jirani alikuwa akitwanga mihogo. Apolline alisikiliza mchi ukipanda na kushuka. Alikumbuka wanaume waliokuja na mbuzi, na kijana wa kiyoyozi, na theluji kwenye picha za watu wengine.

"Evas anasema ukuje," alisema Gervais. "Iko nyumba ndogo, nyuma. Anasema hana shida."

"Nikuje kama nani, Gervais?"

Gervais aliikunja kofia tena. Alikuwa mtu mwaminifu; uaminifu wake ndio uliomfanya amlilie, na ndio uliomfanya asiweze kudanganya sasa.

Jonan alipiga hodi na kamera yake. Alitaka maneno ya mwisho. Apolline alitoka, akasimama mbele ya kioo kile cheusi cha kamera, na mara hii alikiangalia moja kwa moja.

"Muliniweka mu batu bamekufa," alisema. "Bwana wangu akanilia, akaoa. Miye nikamungojea. Museme ile."

Jonan aliishusha kamera. "Mama, hiyo ni mambo ya kizamani. Ile fremu ya maua tulitoa. Watu walikuwa wanalalamika. Kuna mama wa Kabingo, mtoto yake alipotea tu, watu wakamletea maharage ya kilio mpaka nyumbani. Tulitoa kabisa, 2005. Sasa tuko na kitu mpya, ya kompyuta."

"Kumbe mulijua?"

"Tulirekebisha, mama."

"Mulirekebisha picha. Na sisi bale tulipita? Haikukuwa hata siku moja ya kusema: bale tulibapitisha, bengine bako hai?"

"Sasa mama," alisema Jonan, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kurudi mjini kabla ya mvua, "kituo kitaomba msamaha mtu moja moja mpaka lini?"

Mwaka mmoja tu. Walijua mwaka mmoja tu baada ya picha yake kupita, wakati Gervais alikuwa bado na nywele fupi za msiba, wakati Evas alikuwa bado msichana wa kumimina chai. Sentensi moja kabla ya mpira ingetosha. Robo saa nzima ya Kiswahili walikuwa nayo, kila siku, na haikupatikana humo sentensi moja. Baadaye jioni ile walionyesha kumbatio, habari ya kwanza, lile la mara ya pili kwa kuwa jua lilikuwa zuri, na Mzee Rwakabuba akasema kituo chake kimefufua ndoa.

Kabla ya gari kuondoka, Apolline alipika. Alimpa Gervais bugali na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, akamtazama akila mpaka mwisho, akamnawisha mikono. Dereva alipopiga honi alimsindikiza, kama anavyosindikizwa mgeni, hadi pale njia ya miguu inapokutana na ya magari.

"Nitarudi siku ya Mungu, nikitoka ku kanisa," alisema Gervais.

"Usirudi."

"Apo."

"Ukirudi nitakungojea tena. Nimechoka kungojea." Alimwekea kofia kichwani, akainyoosha. "Umuambie Evas ninamushukuru. Alinilia na hakunijua."

Gari likaenda na vumbi lake.

Alipofika nyumbani wanawake wa kanisa walikuwa wamekwisha kujaa uani, na ngoma, na ndoo ya mandazi, Miriamu mbele akiwa na kitenge kipya. Waliposikia gari walijua Mungu wao amejibu. Wakaimba wimbo wa harusi, wakimzunguka, wakichungulia mlangoni.

"Yuko wapi bwana?" aliuliza Miriamu akicheka. "Umemuficha? Mutoe tumuone!"

"Ameenda kwake," alisema Apolline.

"Kwake wapi? Kwake si hapa?"

Apolline aliketi chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele kama mwanamke anavyokaa kwenye msiba, akajifunika kitenge kichwani. Ngoma ilinyamaza. Wanawake wakatazamana, kwa maana hapakuwa na maiti, na mwanamume majirani walikuwa wamemwona kwa macho yao akishuka garini. Hawakujua waimbe nini. Kisha Miriamu akavua viatu, akaketi kando yake, bega kwa bega. Na wale wengine, mmoja baada ya mwingine, wakaweka chini vitu vyao, wakakaa.