Mshale wa Sista Jepkosgei

Sista Jepkosgei, muuguzi wetu, alikuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi, na sisemi hivyo kumsifu. Mashine yake ya kupima presha ilipoanguka sakafuni, mwaka wa themanini na tisa, mshale ulilala chini ya sufuri. Je, aliipeleka kwa fundi? Wapi! Alifungua kioo, akausukuma mshale kwa pini ya nywele mpaka ukakaa palepale kwenye sufuri, akafunga. Zahanati nzima, kule upande wa Naitiri, ikampigia makofi.

Baadaye agizo likatoka kwamba mashine zote zipelekwe Bungoma zilinganishwe na mashine ya zebaki, ile isiyo na mshale wa kupinda. Kipketer, dereva wa pikapu ya zahanati, akampeleka Sista asubuhi.

Huko Bungoma, fundi Wepukhulu aliunganisha mashine mbili kwa mpira mmoja, akaanza kupuliza. Kwenye sufuri zilikubaliana, na Sista akatabasamu. Upepo ulipozidi, zebaki ilipanda hadi mia moja na themanini. Mshale wa Sista ulikuwa bado uko mia moja na thelathini.

"Sufuri yako iko sawa, Sista," Wepukhulu akasema. "Lakini huku juu inadanganya, bana. Kwani ilianguka?"

Jana tu Sista alikuwa amempima Waruguru, mke wa Thuo, mwenye mimba ya miezi minane. Waruguru alilalamika kwamba kichwa kinamgonga na miguu imevimba hata viatu haviingii. Mshale ukasema mia moja na thelathini. Sista akamwambia aende nyumbani, aache kujidekeza. Ati aache kujidekeza! Presha ya juu namna hiyo huleta kifafa cha mimba, na Sista alishawahi kuona mama na mtoto wakizikwa siku moja.

Aliazima ile ya zebaki, akaikumbatia. "Kipketer, twende! Kanyaga!" Njia nzima alisali kwa sauti, hata Kipketer akaogopa kumwuliza kuna nini.

Walimkuta Waruguru ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, amefumba macho. Sista alimfunga kitambaa mkononi, akapuliza. Mia moja na tisini.

"Tunampeleka hospitali Kitale sasa hivi," akamwambia Thuo.

Thuo alisimama mbele ya mkewe. "Jana ulisema ni mzima. Leo unampeleka hospitali. Na hii nayo nitajuaje haidanganyi?"

Ni kweli, angejuaje? "Ile nyingine niliiharibu mimi," Sista akasema, machozi yakimtoka. "Niliichokora na pini. Nichukie kesho, Thuo. Leo mbebe mke wako, tafadhali."

"Baba Nyambura," Waruguru akamwita mumewe polepole, "mbona kumekuwa giza?"

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali. Thuo alimwinua mkewe mikononi na kukimbia naye.

Walikuwa wanamlaza kwenye pikapu, Sista akimshika kichwa, wakati jirani yao Chelangat alipofika getini anahema, mkono mmoja juu ya tumbo lake kubwa.

"Sista," akauliza, "si mimi pia ulinipima jana, ukasema niko sawa?"