Programu ya Tatu

Kosa lilikuwa la Wandera, na mwenyewe alilijua. Mwezi wa pili alirekodi nyimbo tisa za bendi ya Oyugi katika chumba chake cha Mamboleo, chumba alichofunika kuta zake kwa magodoro ili kuzuia honi za malori, na hakugundua kwamba waya wa maikrofoni ya ngoma ulikuwa umelegea. Sauti za waimbaji zilitoka safi, gitaa likatoka safi. Ngoma zilisikika kama mtu anayepiga katoni nyumba ya jirani.

"Turudie ngoma peke yake wiki ijayo, Mzee," alimwambia Oyugi.

Wiki hiyo haikufika. Oyugi alipata kiharusi akiwa nyumbani kwake Dunga, na alipotoka hospitali upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa. Miaka kumi na tisa alipiga ngoma kwenye harusi na matanga, Kisumu hadi Bondo. Sasa hata kijiko alikuwa akishikiwa.

Akaletwa mpiga ngoma mwingine, akashindwa. Oyugi hakuwahi kufuata kipimo cha mashine. Kiitikio kikikaribia alikuwa akikimbia kidogo, halafu anajivuta nyuma, na wenzake wote walikuwa wamemfuata hivyo hivyo. Mgeni hakujua aingilie wapi. Na mpiga gitaa alishakwenda Qatar kutafuta kazi, kwa hiyo kuanza upya hakukuwezekana.

"Kuna programu zinazobadilisha ngoma," Wandera alimwambia Jentrix, dadake Oyugi, aliyeongoza waimbaji wa bendi. "Kompyuta inasikia kila pigo baya, inalitoa, inaweka zuri pale pale. Mwendo unabaki wa Mzee. Kinachobadilika ni sauti tu."

"Basi chagua iliyo nzuri," Jentrix akasema. "Sisi tunangoja wewe."

Alijaribu majuma mawili. Ya kwanza iliweka pigo lile lile mara elfu, ungedhani fundi anapigilia misumari. Ya pili ilikuja na sauti za studio kubwa za ng'ambo, tamu kweli, lakini yale mapigo madogo ambayo Oyugi aliyadondosha katikati kwa ncha ya kijiti, iliyaona kelele ikayafuta. Jentrix alisikiliza wimbo mzima.

"Huyu anapiga vizuri," alisema. "Ni nani?"

Wandera akaifunga programu hiyo.

Ya tatu ndiyo iliyompa moyo. Iliyasikia hata yale mapigo madogo, na ilikubali sauti unazoipa mwenyewe. Oyugi angepiga kila ngoma mara chache tu, kwa waya mpya, na programu ingezipanda sauti hizo katika nyimbo zote tisa. Mara chache tu! Nani anashindwa na mara chache?

Jumamosi asubuhi walimleta Oyugi Mamboleo, wakamkalisha nyuma ya ngoma zake. Jentrix alimshika mabega asiegemee upande. Akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto, akapiga. Sauti ilitoka ndogo.

"Kwa nguvu kidogo, Mzee."

"Hiyo ndiyo nguvu."

Ngoma kubwa hupigwa kwa mguu wa kulia. Oyugi aliuinua mguu huo kwa mkono wake mzima, akauangusha juu ya kanyagio. Akauinua tena, akauangusha. Mara ya tano jasho lilikuwa likimtiririka kidevuni, na Wandera akaizima mashine bila kuambiwa.

Alizipanda sauti zile wakiwa wameketi hapo hapo. Wimbo ulipoanza, mwendo ulikuwa wa Oyugi wa zamani, unakimbia, unajivuta, na kila pigo ndani yake lilikuwa la mgonjwa. Wandera aliongeza sauti, akakaza hapa, akapunguza pale. Ugonjwa ulizidi kusikika.

"Zima," Oyugi akasema. "Weka ile ya wazungu, ile dadangu alinisikilizisha."

"Lakini Mzee, ile inafuta..."

"Najua inafuta nini. Weka. Na kwenye kava jina langu toa."

"Ndugu yangu, mwendo bado ni wako," Jentrix alisema.

"Nani husikiliza mwendo?"

Wandera aliirudisha programu ya pili, akabonyeza, na nyimbo zote tisa zikabadilika kabla chai haijapoa.

Zilitoka mwezi wa nane. Watu walizipenda, vituo viwili vya redio vikazicheza. Wandera alipiga simu Dunga kumpa Oyugi habari, akapokea Jentrix.

"Amesikia?" Wandera aliuliza.

"Wimbo wa kwanza, nusu. Akaniambia nitoe redio hapo chumbani."

"Nije nimwone?"

"Hataki mtu wa muziki," Jentrix alisema, na wakaagana.