Geta Mbele ya Korongo

Ndoto iliyonijia usiku wa jana ilinikuta kwenye foleni ya ofisi ya kusajili majina. Mimi ni Mwanakheri, nachonga mitawanda, vile viatu vya mti, huko Siyu pamoja na baba yangu, Mzee Shee. Mkononi nilikuwa na mtawanda mmoja. Mbele yangu kilisimama kiatu cha mti kutoka Japani, kimoja tu, kimevaa tai.

"Dada, naitwa Geta," kiliniambia. "Nisipoeleza jina langu limetoka wapi, leo nageuzwa kuni."

Kweli, nyuma ya meza jiko lilikuwa linawaka, na birika la chai ya afisa juu yake. Afisa alikuwa ndege, korongo mwenye miwani.

"Fungua jina," anasema korongo.

Geta analipasua jina lake mezani. Kipande cha kwanza, *ge*, kinaanguka sakafuni na kukataa kuokotwa.

"Mbona kiko chini?"

"Ndiyo maana yake. Chini."

"Na hiki, *ta*?"

"Ni mkia wa jina la bibi yangu, Ashida. Kwangu *da* imegeuka *ta*."

"Aje."

Ukuta unaondoka. Tumo katika shamba la mpunga, maji yametufika magotini, na jiko bado linawaka. Bibi Ashida, naye kiatu cha mti, anakuja juu ya tope kwa meno mawili marefu ya chini ya soli yake, wala hazami.

"*Ashi* ni mguu," anasema. "Kilichobaki, wengine husema ni *ita*, yaani ubao. Nilikuwa mdogo, sikumbuki vizuri."

"Hakumbuki," korongo anaandika. "Na hii kamba ya juu yako?"

"*Hanao*," anajibu Geta kwa sauti ndogo. "Kamba ya pua."

"Kiatu hakina pua. Kuni."

Geta anaanza kuvua tai. Nasogea mezani, maana najua baada yake ni zamu yangu.

"Bwana afisa, naomba kusema," nasema. "Pua ni ile ncha ya mbele. Hapo kamba inapita kati ya vidole. Sisi hapohapo tunaweka kijiti, tunakiita msuruaki. Neno hilo limetoka wapi, sijui. Lakini mguu unalijua. Vaa, uone."

Korongo anafikiri. Kisha anavaa, Geta mguu wa kulia, mtawanda wangu mguu wa kushoto, na kupiga hatua juu ya maji.

*Karan*, kinasema cha kulia. *Koron*, kinajibu cha kushoto.

Anakwenda mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Anaitazama miguu yake kwa muda mrefu.

"Mikavu," anasema. "Tangu nizaliwe, haijawahi kuwa mikavu."

Analimwaga birika zima juu ya jiko. Moto unakufa. "Majina yote mawili yasajiliwe," anaamuru, "na foleni yote ipite."

Viatu vyote vya mti vinavyojulikana duniani vinashuka shambani, *karan koron, karan koron*, Bibi Ashida mbele, nami nyuma yake nikikanyaga miche bila kuzama.

Nikaamka. Kumekucha, na baba amesimama mlangoni.

"Mwanangu, unacheka nini peke yako?"

Nikafunua shuka nimjibu. Kati ya kidole gumba cha mguu wangu na kidole cha pili limebanwa jani la mpunga, bichi, linadondosha maji. Mpunga mimi nauona sokoni tu, ndani ya gunia.