Swali la Genadi

Kiwandani kwetu ndege haikuitwa ndege. Iliitwa Bidhaa Arobaini, na hata sisi tuliochora mabawa yake hatukuthubutu kuitaja kwa jina lingine wala kuulizana chochote. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Ukishakaa katika mji uliofungwa kwa wageni kama wetu, kando ya mto Volga, unajua tu kwamba anayeuliza ana lake jambo.

Mume wangu Genadi, mhandisi wa mabawa, alikuwa na redio kwenye kibanda chetu cha shambani, nayo ilinasa matangazo ya ng'ambo yaliyokatazwa. Jumapili moja alinifuata kwenye matuta ya matango huku anacheka mpaka machozi.

"Zina! NATO wameipa ndege yetu jina. Bafalo! Nyati, mama! Miaka yote nahangaika kuipunguzia uzito, wao wananiona mchunga nyati!"

"Punguza sauti, wewe! Unataka majirani wasikie?"

"Wasikie nini? Na wao masikio yao yako kwenye redio hizohizo za ng'ambo."

"Haya, cheka. Wakikunyang'anya kibali cha kazi za siri utachora mabawa ya kuku."

Aliacha kucheka. Bila kibali asingeikaribia tena ndege ile, na mimi nilijua kwamba bila ndege ile Genadi si mtu. Aliizima redio, akaificha chini ya magunia ya viazi.

Siku chache baadaye, Arkadi Lvovich Stolbov, mkuu wa usiri kiwandani, alikuja na sinia lake akaketi mezani kwetu kantini. Hakuwa na desturi ya kula nasi.

"Mmesikia, ndugu zangu?" akasema, anakoroga supu. "Huko ng'ambo wameipa ndege yetu jina. Eti Bafalo."

Kila mtu akainamia bakuli lake. Nikamtazama Lidia, jirani yetu wa shambani. Yeye akautazama mkate. Ni yeye, nikajiambia, ametusikia kwenye matango. Au labda yule mzee wa idara ya rangi aliyeketi mwisho wa meza, mbona leo anatafuna polepole hivyo? Nilimshuku kila mwenye kijiko.

Kumbe wa kumwogopa alikuwa ubavuni pangu. Genadi aliinua kichwa, akavaa ile sura yake ya siku anaposahau kununua siagi.

"Bafalo?" akasema. "Ndege ipi hiyo, ndugu Arkadi Lvovich?"

Vijiko vikasimama. Mezani pale hakuna aliyewahi kuuliza "ipi". Anayejua hunyamaza, asiyejua hunyamaza zaidi. Wa kuuliza ni yule tu anayejifanya hajui, na anayejifanya ameshasikia. Nilitamani kumziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

Stolbov alimsogezea mkate kwa upole. "Kula, Genadi Pavlovich. Supu inapoa."

Kesho yake asubuhi tulifika langoni pamoja, tukataja namba zetu dirishani kama kawaida. Kadi yangu ya kuingilia ikatolewa. Yake haikutolewa. Mlinzi, ambaye kila siku alinitania kuhusu kofia yangu, leo alitazama ukuta.

"Wewe kaa pembeni. Mama, pita."

Genadi alinigeukia, midomo imemkauka. Nilikijua alichokitaka. Alitaka mtu mmoja tu, mkewe, aulize kwa nini.

Nyuma yangu foleni ilikuwa ikisogea. Nikachukua kadi yangu, nikapita.