Madumu ya Njano

Mgeni mwenye adabu kuliko yule sijapata kumpikia, na wageni nimewapikia mpaka mikono imekakamaa. Msimu wa likizo kisiwa chetu kinajaa hadi unakosa pa kuanika nguo. Wapo wanaokuja kupiga picha dirishani kwako hujachana hata nywele, hodi hakuna. Wapo wanaoacha bomba wazi huku wanaimba, na maji ya kunywa sisi tunaletewa kwa boti kutoka ng'ambo. Ukiwaambia, wanakutazama kama umewatukana.

Huyu, la. Alitandika kitanda chake mwenyewe. Alioga nusu ndoo. Sokoni alivaa nguo za heshima. Na kila asubuhi alipita mlango wa jiko la nyumba ya wageni, gunia begani, akienda ufukweni kuokota takataka za wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgongo huo hauchoki?"

"Tukiwaachia uchafu, mwakani tutakuja kutazama nini?"

Watoto wa mtaani wakambatiza Bwana Gunia. Mimi nilimpenda, sifichi. Kwenye samaki nilimwekea kipande kinono, na binti yangu akanitania eti nimepata mtoto wa kiume uzeeni. Binti mwenyewe alikuwa na tumbo la kwanza, limekuja mbele hasa, na ndiye mtoto wangu pekee. Mjukuu nilikuwa nimeshampangia hadi kona ya kulala.

Sasa sikia habari ya njia yetu. Mbele ya kisiwa pana ukanda wa miamba. Maji yakijaa, unapita popote utakapo. Yakikupwa, pa kupita ni mahali pamoja tu, kijia kinachojipinda katikati ya mawe yenye makali ya kumpasua mtu nyayo. Mdogo wangu ndiye dereva wa boti ya zahanati, na kijia hicho alikiwekea alama kwa mikono yake: madumu matupu ya mafuta ya kupikia, ya njano, kila moja na kamba yake na jiwe lake chini, na mstari mwekundu wa rangi iliyobaki alipopaka mlango wake. Maboya ya kweli tuliahidiwa zamani, tumengoja hadi tumeota mvi. Kwa jicho la mgeni yale ni makopo yanaelea. Na sisi hatukumweleza mtu, maana nani anakaa kumweleza mgeni kwamba mlango wa nyumba ni mlango?

Asubuhi hiyo Bwana Gunia alipita na kisu cha kukunja na kasia la vile vimtumbwi vya plastiki vya kukodisha.

"Shikamoo mama. Leo naingia majini kidogo. Huko nako kumechafuka."

"Marahaba. Mungu akulipe, baba." Nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Vitunguu havijaiva, mkunga huyo, mbio, peku, jasho linamtiririka. Binti yangu alikuwa kwake zahanati tangu alfajiri.

"Mama, mtoto amekaa vibaya. Apasuliwe, na kupasuliwa ni ng'ambo. Tukichelewa tutawakosa wote wawili."

Sikumbuki nilizimaje jiko. Nakumbuka tumembeba hadi gatini, mdogo wangu kashawasha mashine, maji yamekupwa na bado yanatoka.

"Dada, kaa katikati, mpakate kichwa. Tukishatoka nje ya miamba ni kukanyaga mafuta tu."

Tulikuwa tumekwenda kidogo akapunguza mwendo. Akasimama. Akaweka kiganja juu ya macho, akageuka huku, akageuka kule.

"Dada, madumu yako wapi?"

"Usinitanie."

"Nikutanie leo?"

Nikainua shingo. Bahari nyeupe kwa jua, inang'aa mtindo mmoja, chini huoni kitu. Hakuna njano popote. Binti yangu akapiga ukelele, mkunga akasema twendeni jamani, twendeni, na mdogo wangu akaenda kwa kukumbuka. Lakini miaka yote alipita akitazama madumu, hakutazama maji. Nani angemlaumu?

Jiwe lilitupokea ubavuni. Mashine ikalia vibaya, pangaboi lake likakatika, boti ikapanda juu ya mwamba ikakaa upande. Maji yakazidi kutukimbia. Boti nyingine zote zilikuwa zimepeleka wageni matembezini, upande wa pili wa kisiwa. Tukapiga simu hospitali. Wakasema wanatuma boti, ila kutufikia haitaweza hadi maji yarudi.

Basi tukakaa juani, binti yangu ananivunja vidole kwa kunishika. Ufukwe tunauona, si mbali. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikapunga. Wageni wakanipungia na wao, wakicheka, wakatoa simu wakatupiga picha. Nikatukana matusi ambayo mkunga hakujua kwamba nayajua.

Mmoja tu hakucheka. Tulimwona anakuja, kasia linafanya kazi kwelikweli, anapita juu ya miamba kwa kimtumbwi chake chepesi. Alihema.

"Mama, pole. Nimeona hamko sawa. Nimewaletea maji ya kunywa."

Akanipa dumu. Binti yangu alikuwa na midomo mikavu kama karatasi, hata sikutazama, nilimnywesha. Alikunywa, akafumba macho, akasema, "Asante kaka." Halafu uchungu ukambeba tena.

Mdogo wangu ndiye aliyetazama. Akalishika lile dumu, akapitisha kidole kwenye mstari mwekundu.

"Hili umelitoa wapi?"

"Baharini humu humu," akasema, na jamani, uso wake ulikuwa na furaha. "Yalikuwa yamezagaa na kamba zake. Nimeyakata yote. Hili zima, nikalisugua vizuri, ni safi kabisa."

"Kaka," mdogo wangu akasema polepole, "hiyo ndiyo ilikuwa barabara yetu."

Akatazama madumu, akatazama boti ilivyolala, akamtazama binti yangu. Kasia likamtoka mkononi. Lile dumu nililichukua nikalikumbatia, maana maji tuliyahitaji bado.

Maji yalipojaa boti ya hospitali ikatuchukua, tukafika ng'ambo. Binti yangu wakamwokoa. Mtoto alikuwa wa kiume, alikuwa ameshakwenda zake humo humo tumboni, tukarudi naye amefungwa shuka la hospitali. Kona niliyompangia nimerudishia magunia ya mkaa.

Binti yangu hajui nani alikata madumu. Alikuwa katikati ya maumivu, hakusikia. Anachokumbuka siku ile ni maji. Kila akiamka ananiuliza, "Mama, yule kaka aliyetuletea maji, mlimshukuru?" Nami namwambia lala, mwanangu, lala.

Bwana Gunia naye hakukimbia. Wenzake waliondoka, yeye alibaki kushinda majini na mdogo wangu, akifunga kamba moja moja, akiuliza hapa ndipo, hili liende wapi. Sasa ndiyo anauliza.

Jana akaja nyumbani. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mchele. Hakuwa na gunia, mikono imechanika yote.

"Shikamoo mama."

Nilifungua mdomo. Hiyo marahaba nimewajibu walevi, nimewajibu wezi, mtoto wa mtu akikuamkia utamnyimaje? Ikagoma kutoka.

Ndani binti yangu akaitambua sauti. "Mama! Si ndiye yule kaka wa maji? Mwambie apite, nimshukuru mwenyewe."

Kijana alikuwa analia. Alinitazama, anangoja nimjibu, anangojea ruhusa ya kupita. Sikusogea kizingitini, na ile shikamoo sijaiitikia hadi sasa.